Amana ya Rafiki wa Utotoni

Mtu anapofiwa na mume, mke, mzazi au mtoto, dini na mila humwonyesha mahali pake. Mjane wa Kiislamu hukaa eda ya miezi minne na siku kumi. Warithi wanajua mafungu yao, watoto wanajua kwamba dua zao zinangojewa, na majirani wanajua nani ataingia kaburini na nani atasimamia masufuria. Rafiki wa utotoni aliyetengana na marehemu kwa miaka thelathini hana mahali katika mpango huo. Harithi, hakai eda, jina lake halimo kwenye tangazo la msiba, na huenda watoto wa marehemu hawajapata kulisikia. Mara nyingi habari humfikia maziko yakiwa yamekwisha pita, naye yuko katika mji ambao hakuna mwingine aliyemjua marehemu, hivyo hata wa kumpa pole hayupo. Hapo huzuka swali ambalo wanafalsafa na wanazuoni wamelikaribia kila mmoja kwa njia yake: mtu wa namna hii ana haki gani ya kuomboleza, na kama anayo, anadaiwa nini?

Afrika Mashariki imewapa watu wengi sababu ya kujiuliza hivyo. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964, watu wengi waliondoka Unguja na Pemba kwenda Mombasa, Dar es Salaam, Uingereza na nchi za Ghuba. Sultan Qaboos alipoanza kutawala Oman mwezi Julai 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi, wengi waliozaliwa Zanzibar wakahamia Muscat. Watoto waliosoma chuo kimoja cha Kurani na kucheza katika mtaa mmoja walizeeka wakiwa raia wa nchi mbili, bila kuonana tena. Mauaji ya mwaka 1972 huko Burundi yaliwakimbiza watu wengi hadi magharibi ya Tanzania, na miongoni mwao walikuwamo watoto waliokaa miaka bila kujua kama wenzao wa darasani waliuawa au walinusurika. Na bila siasa yoyote, yapo mambo ya kila siku: shule ya bweni, ajira, uhamisho wa baba aliyekuwa mtumishi wa serikali, msichana aliyeolewa bara akamwacha shoga yake aliyekuwa akienda naye kisimani. Zamani habari ya kifo ililetwa na barua, na msafiri, au na matangazo ya vifo ya redio ya taifa. Siku hizi huingia kwenye simu, katika kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja, kati ya salamu za asubuhi na orodha ya michango ya harusi.

Ugumu wa kwanza ni kujua hasa anayeliliwa ni nani. Aliyekufa ni mzee wa miaka sitini, mwenye wajukuu, madeni na ugonjwa wa kisukari. Mwenzake anapomkumbuka humwona mvulana wa miaka kumi, miguu mitupu, aliyewashinda wote kwa kuogelea lakini akiogopa mbwa. Kati ya wawili hao imepita miaka ambayo aliyebaki haijui hata kidogo. Mwenye shaka anaweza kusema basi kwamba huzuni hii haina mwenyewe: mvulana yule alikwisha toweka zamani, alipokuwa mtu mzima, na mzee aliyezikwa alikuwa mgeni. Ataongeza kwamba machozi yenyewe ni ya utoto wa huyo anayelia, na kifo cha mwenzake kimekuwa kisingizio tu.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Maurice Halbwachs, mwanasosholojia wa Ufaransa aliyefia katika kambi ya Buchenwald mwaka 1945, alionyesha kwamba mtu hakumbuki peke yake. Kumbukumbu zake husimama kwa msaada wa watu aliokuwa nao, na wanapoondoka nazo hulegea. Mtu mzima ambaye wazazi wake wamekufa na nyumba ya utotoni imebomolewa amebakiwa na mashahidi wachache wa miaka yake ya mwanzo. Anapokufa mmoja wao, mambo kadhaa huwa ya mtu mmoja tu: jina la utani, njia ya mkato ya kwenda skuli, usiku wa hofu ambao wawili tu waliushuhudia. Hana tena wa kumuuliza kama kweli ilikuwa hivyo. Hasara hiyo ni yake, na hana sababu ya kuionea haya.

Aliyeichunguza huzuni ya rafiki wa utotoni kwa ukali kuliko wengi ni Augustino wa Hippo, katika kitabu cha nne cha Maungamo yake, alichokiandika kati ya mwaka 397 na 400 hivi. Mjini Thagaste, ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria, alikuwa na kijana mwenzake waliyekua pamoja, wakasoma na kucheza pamoja. Urafiki wao ulikomaa Augustino aliporudi nyumbani kufundisha. Kijana huyo alishikwa na homa, akabatizwa akiwa hana fahamu, na alipopata nafuu Augustino akaufanyia ubatizo huo mzaha, akitumaini watacheka wote wawili. Mgonjwa alimkemea: kama anataka waendelee kuwa marafiki, aache maneno hayo. Siku chache baadaye homa ilirudi, akafa Augustino akiwa hayupo. Mji mzima ukawa adhabu kwake, kwa kuwa kila mahali macho yalimtafuta mtu asiyekuwepo, na mwishowe akakimbilia Carthage.

Miaka mingi baadaye, akiwa askofu, alijihukumu. Alisema machozi yalikuwa yamegeuka kuwa raha yake na kukaa mahali pa rafiki mwenyewe, na kwamba kosa lake lilikuwa kumpenda mwenye kufa kana kwamba hatakufa. Uzeeni, mwaka 426 au 427, alipopitia upya maandishi yake yote, aliikosoa hata sentensi moja ya maombolezo yale kuwa ilikuwa pambo la maneno kuliko maungamo. Ukali huo unafundisha, kwa sababu unamzuia mtu kujidanganya kuhusu anachokililia. Hata hivyo kuna jambo kubwa ambalo Augustino hakulifanya. Rafiki yule hana jina katika kitabu chote. Msomaji anayajua machozi ya Augustino kwa kina, lakini kijana aliyekuwa na imani yake mwenyewe na ujasiri wa kumkemea rafiki aliyemzidi elimu anapita kama kivuli. Augustino alitoka kwenye huzuni ya kujipenda akaenda moja kwa moja kwa Mungu, na katikati akamwacha marehemu bila kumshughulikia.

Hapo ndipo penye jibu kwa mwenye shaka. Kwamba anayelia amepoteza kitu chake mwenyewe hakuthibitishi kwamba halii kwa ajili ya mwingine; huzuni mbili zinaweza kukaa katika moyo mmoja. Wala si kweli kwamba mvulana na mzee walikuwa watu wawili. Dini zinazoamini ufufuo haziwezi kukubali hilo: anayefufuliwa ni yule yule aliyezaliwa, na mwanzo wa maisha yake haujatengwa na mwisho. Hata asiye na dini anajua kwamba woga na ujasiri wa miaka kumi huonekana tena, vikiwa vimejificha, katika mtu wa miaka sitini. Rafiki wa utotoni alimjua marehemu kweli. Alijua sehemu moja tu, na sehemu hiyo haikuwa ndogo.

Ugumu wa pili ni ule ukimya wa miaka mingi. Habari ya kifo inapofika, jambo la kwanza linalomchoma aliyebaki huwa ni barua ambayo hakuiandika, namba ya simu aliyokuwa nayo kwa miaka mitatu bila kuipiga, safari aliyopita karibu na mji wa mwenzake asiingie. Je, urafiki ulikuwa umekwisha kabla ya kifo?

Aristotle, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, aliligusa suala hili mahali pawili katika maandishi yake ya maadili kwa Nikomako. Katika kitabu cha nane anasema umbali hauvunji urafiki wenyewe. Kinachosimama ni utendaji wake, ingawa kutoonana kukizidi sana huleta usahaulifu. Katika kitabu cha tisa anazungumzia watu waliokuwa marafiki tangu utotoni, kisha mmoja akakua akili na tabia na mwingine akabaki alipokuwa. Anakiri kwamba hawawezi kuendelea kama zamani, maana hawafurahii tena mambo yale yale. Lakini hasemi basi wawe kama watu wasiojuana. Mtu anapaswa kuuweka moyoni ule ukaribu wa kwanza, na kumpa rafiki wa zamani kitu zaidi ya anachompa mgeni, kwa ajili ya yaliyopita, isipokuwa kama walitengana kwa sababu ya uovu uliokithiri. Maneno hayo ni machache, lakini msingi wake ni mpana: yaliyopita huleta wajibu hata pale ambapo mapenzi ya sasa yamepoa.

Kutofautisha urafiki na utendaji wake kunasaidia kupima lawama. Waliotenganishwa na vita, mpaka au umaskini wa nauli hawana cha kujilaumu kwa ukimya ambao hawakuuchagua. Waliokuwa na simu na nafasi wanacho, na ni vema wasikimbie. Katika barua yake ya 63 kwa Lucilius, aliyekuwa amefiwa na rafiki yake Flaccus, mwanafalsafa wa Kirumi Seneca alitoa angalizo linalouma mpaka leo: wapo wanaolia kwa kupita kiasi kwa sababu wanaogopa itatiliwa shaka kama walipenda kweli, na wanatafuta ushahidi wa mapenzi wakiwa wamechelewa. Seneca hakujiweka kando, kwani alikiri humo humo kwamba yeye mwenyewe alimlilia rafiki yake Annaeus Serenus bila kiasi, maana hakuwahi kufikiri kwamba mtu mdogo kwake angeweza kumtangulia. Majuto basi hayaponywi kwa kilio kirefu. Yana matumizi mengine, kama itakavyoonekana.

Mtazamo ulio kinyume kabisa na wa mwenye shaka ni wa Søren Kierkegaard wa Copenhagen. Katika Matendo ya Upendo, kitabu alichokitoa mwaka 1847, aliandika sura nzima juu ya kumkumbuka aliyekufa, akidai kwamba hicho ni kipimo cha upendo usiochanganyika na kitu. Ni upendo usiotafuta faida, kwa kuwa marehemu hawezi kulipa. Ni upendo huru, kwa kuwa marehemu halazimishi: mtoto hulia, maskini huomba, lakini maiti hanyoshi mkono. Na ni upendo mwaminifu, kwa kuwa marehemu habadiliki tena, hivyo uhusiano ukipoa, aliyebadilika anajulikana ni nani.

Sura hiyo ina nguvu kubwa, lakini kwa rafiki wa utotoni inahitaji kusomwa kwa hadhari. Aliye mbali alikuwa amekwisha nyamaza kabla ya kufa, na ukimya wake ulikuwa wa mtu hai ambaye angeweza kuitika. Kumpenda marehemu kunaweza kuwa kwepesi kuliko kumpenda aliye hai, ambaye angekuja na shida zake, pengine akaomba mkopo, pengine akawa na siasa za kuchukiza. Marehemu hana ubishi. Anaweza kuchongwa kama kinyago mpaka afanane na anachotaka mchongaji. Uaminifu ambao Kierkegaard anausifu hauwezi kuwepo bila nia ya kumkumbuka mtu kama alivyokuwa, pamoja na ile miaka ambayo mwenye kukumbuka hakuiona.

Afrika Mashariki ina mwanafalsafa wake aliyelichukua suala hili kutoka upande mwingine. John Mbiti, aliyezaliwa Kitui nchini Kenya mwaka 1931 na kufariki Uswisi mwaka 2019, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba katika jamii nyingi alizozichunguza kifo hakimwondoi mtu mara moja. Marehemu huendelea kuwa karibu maadamu wapo waliomjua kwa uso na kwa jina, na ukaribu huo unaweza kudumu hadi vizazi vinne au vitano. Anapokufa mtu wa mwisho aliyemjua, ndipo anapovuka kutoka wakati wa Sasa na kuzama katika Zamani. Mbiti alipingwa na wengi kwa nadharia yake ya wakati, hasa kwa kudai kwamba fikra za jadi hazikuwa na wakati ujao wa mbali. Lakini maelezo yake juu ya waliokufa hayategemei sana sehemu hiyo, na kuna neno moja ndani yake ambalo wachambuzi hulipita haraka: wanaomweka marehemu katika Sasa ni jamaa na marafiki.

Kwa kawaida kazi hiyo huhesabiwa kuwa ya ukoo. Ukoo ndio unaotoa jina la babu kwa mjukuu, ndio unaolitunza kaburi. Hata hivyo jamii za eneo hili zilijua kwamba vifungo vingine vina uzito wake. Vijana waliotahiriwa pamoja walibaki rika moja maisha yao yote, wakiwa na haki na wajibu baina yao. Sehemu nyingi watu wasio ndugu waliunganishwa kwa kuchanjiana damu. Na watani wana kazi zao msibani ambazo mfiwa mwenyewe hawezi kuzifanya. Rafiki wa utotoni wa leo, aliyepatikana darasani au uwanjani, hana ibada ya kumtambulisha, lakini anafanana nao kwa jambo moja.

Jambo hilo ni kwamba anashika kitu ambacho ukoo hauna. Mke alimjua marehemu tangu alipoposwa. Watoto walimjua akiwa baba, na baba mara nyingi huwaficha watoto jinsi alivyokuwa mtoto. Wafanyakazi wenzake walijua cheo na saini yake. Wazazi, waliojua mwanzo, kwa kawaida wametangulia. Anayejua kwamba mzee yule mkali aliwahi kulia kwa ajili ya mbuzi aliyechinjwa, au kwamba aliwahi kubeba lawama ya mwenzake mbele ya mwalimu, ni mtu mmoja aliye mbali, katika mji ambao hakuna anayemuuliza. Kwa kufuata mantiki ya Mbiti, huyo anapokufa bila kusema, sehemu ya marehemu huzama mapema, wakati sehemu nyingine bado zipo. Kwa hiyo kumbukumbu aliyo nayo haifai kuhesabiwa kuwa mali yake ya kujifariji nayo peke yake. Ni amana. Na amana, kwa sheria ya dini na kwa desturi za watu wa pwani na bara, ina wenyewe wa kurudishiwa: waliofiwa.

Kabla ya kufika kwa waliofiwa, liko deni kwa marehemu mwenyewe, na hapa dini zinatofautiana. Uislamu unampa rafiki njia pana. Mtume Muhammad aliposikia kwamba Najashi, mfalme wa Uhabeshi, amefariki, aliwapanga masahaba zake Madina, akaswali kwa takbira nne juu ya mtu ambaye mwili wake ulikuwa ng'ambo ya bahari. Kutokana na tukio hilo madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, yanaruhusu swala ya maiti aliye mbali. Hanafi na Maliki hawairuhusu. Mashafi waliweka sharti linalomhusu sana rafiki aliyechelewa kupata habari: aswali yule ambaye siku ya kifo alikuwa tayari ni mtu mwenye wajibu wa swala hiyo. Miaka iliyopita tangu mazishi haimzuii. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika sehemu ya kitabu chake Ihya inayohusu haki za udugu, aliihesabu dua kwa rafiki, akiwa hai na baada ya kufa, kuwa haki na si hisani tu. Akaongeza haki ya uaminifu, ambayo kwake maana yake ni mapenzi yasiyokoma kwa kifo bali huhamia kwa watoto na rafiki za marehemu.

Wakatoliki huwaombea marehemu wote, huweka misa kwa nia ya mmoja wao, na tarehe 2 Novemba ni siku ya marehemu hao. Hutegemea, pamoja na mengine, kisa cha Yuda Makabayo, aliyekusanya drakma elfu mbili za fedha akazipeleka Yerusalemu kwa ajili ya askari wake waliouawa. Makanisa mengi ya Kiprotestanti hayakihesabu kitabu chenye kisa hicho kuwa Maandiko na hayamwombei marehemu. Humshukuru Mungu kwa maisha yake na kuwaombea waliobaki. Kwa mtu wa imani hiyo, tendo kwa wafiwa ndilo lenye nafasi kubwa zaidi.

Tanzania na Kenya zimejaa marafiki wa utotoni wa dini mbili tofauti, waliokula Idi nyumba moja na Krismasi nyumba ya pili. Muislamu aliyefiwa na rafiki Mkristo atawakuta wanazuoni wengi wakimzuia kumwombea msamaha aliyekufa nje ya Uislamu, na jambo hilo linaweza kumtia uchungu wa kweli, usiofaa kupunguzwa kwa maneno mepesi. Lakini wanazuoni hao hao hawakatazi kwenda kuhani, kuwasaidia yatima wake, wala kutaja mema yake. Na imepokewa kwamba Mtume alisimama jeneza la Myahudi lilipopita, na alipoambiwa ni la Myahudi, aliwakumbusha kwamba hiyo pia ilikuwa nafsi.

Deni la pili ni kwa walio hai, na maandiko yameligusa kwa visa vyenye maelezo mengi. Daudi na Yonathani waliagana kwa kiapo kilichojumuisha uzao wao. Baada ya hapo walikutana tena nyikani Zifu, na haikutajwa mara nyingine mpaka Yonathani akauawa mlimani Gilboa pamoja na Sauli baba yake. Daudi aliomboleza, lakini kisa hakikuishia kwenye maombolezo. Baada ya muda mrefu, ufalme ukiwa umetulia, aliuliza kama amesalia mtu wa nyumba ya Sauli wa kumtendea wema kwa ajili ya Yonathani. Swali hilo linaonyesha umbali uliokuwapo: hakujua kwamba rafiki yake ameacha mtoto. Ilibidi aambiwe na Siba, mtumishi wa Sauli, kwamba yuko Mefiboshethi, aliyelemaa miguu yote miwili tangu akiwa na miaka mitano, siku mlezi wake alipomwangusha wakikimbia habari za Gilboa. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye mtoto wake mdogo, anaishi ugenini Lo-debari. Daudi alimrudishia mashamba ya babu yake na kumlisha mezani pake. Wafasiri wengine huona humo hesabu ya kisiasa, maana kumweka mjukuu wa mfalme wa zamani mezani ni kumweka machoni pia. Huenda zote mbili ni kweli. Hata hivyo lililo muhimu kwa suala hili ni kwamba Daudi alichelewa, na kuchelewa hakukumfanya aone kuwa neno limepitwa na wakati.

Katika Uislamu, Aisha alisimulia kwamba Mtume alikuwa akichinja kondoo, akamkatakata na kuwapelekea nyama marafiki wa mkewe Khadija, miaka baada ya Khadija kufa. Sahaba Abdullahi bin Umar, akiwa njiani kwenda Makka, alimpa bedui mmoja punda wake na kilemba cha kichwani mwake. Wenzake waliposhangaa kwamba mabedui huridhika na kidogo, aliwaeleza kwamba baba wa mtu yule alikuwa rafiki wa Umar, baba yake mwenyewe, na kwamba amemsikia Mtume akihesabu kuwaunga wale ambao baba aliwapenda kuwa wema ulio bora. Katika visa vyote vitatu anayepokea ni mtu mwingine, na marehemu ndiye sababu. Hapa ndipo majuto aliyoyataja Seneca yanapopata kazi: nauli ambayo haikutumiwa kumtembelea baba inaweza kuwa ada ya shule ya mtoto.

Amana ya kumbukumbu nayo ina adabu zake. Al-Ghazali aliikataza kabisa tabia ya kutoa siri ya rafiki, hata baada ya urafiki kuvunjika, na kifo hakiwezi kuwa ruhusa zaidi ya ugomvi. Si kila kilichotendeka utotoni ni cha kupelekwa kwa wajane na watoto. Kulala njaa, kipigo cha baba mlevi, aibu ya kujikojolea darasani, hayo yalikuwa ya marehemu, na kama yeye aliyafunika, mwenzake ayaache yalivyo. Kwa upande mwingine, kumpamba ni kumpoteza. Mtoto anayetaka kujua baba yake alikuwaje hana faida na malaika.

Ugumu huzidi pale inapogundulika kwamba mvulana mpole alikuja kuwa mtu mbaya: mnyanyasaji nyumbani, mwizi wa mali ya umma, au mshiriki wa mauaji. Aristotle aliuacha mlango huo wazi aliposema wajibu wa urafiki wa zamani hukoma mbele ya uovu uliokithiri. Lakini alikuwa akizungumzia upendeleo kwa aliye hai. Kumkumbuka kwa ukweli hakumpi marehemu upendeleo wowote. Upole wa miaka kumi haumtetei mbele ya aliowadhulumu, na kuutaja mbele yao bila kuulizwa ni kuwaumiza upya. Lakini haukuwa uongo. Mke aliyepigwa na mtoto aliyetelekezwa wanajua ukweli wao, na rafiki wa utotoni hana mamlaka ya kuwasahihisha kwa kuwa alimjua marehemu kabla yao. Kazi yake katika hali hiyo ni kusikiliza kwanza, na kutoa alicho nacho endapo tu watakihitaji.

Hata pasipo maovu, kusikiliza ni sehemu ya kuirudisha amana. Anayekwenda kwa wafiwa na visa vya utotoni anakwenda pia kupokea. Wao wanayo miaka thelathini aliyoikosa: kazi, ndoa, maradhi, siku za mwisho. Mara nyingine husikia kwamba marehemu alikuwa akimtaja, na mara nyingine kwamba hakumtaja kamwe. Lolote kati ya hayo linapaswa kupokewa bila kuligeuza kuwa mashtaka.

Linabaki suala la wakati. Wengi hawaendi kwa sababu wanahisi wamechelewa mno, na wanaogopa kufungua jeraha lililoanza kupona. Imam An-Nawawi, mmoja wa wanazuoni wakubwa wa madhehebu ya Shafi, alieleza kwamba muda wa kutoa taazia ni siku tatu, na baada ya hapo inachukiza kwa kuwa huamsha huzuni iliyotulia. Lakini akavua katika hukumu hiyo aliyekuwa hayupo wakati wa msiba, aliye mbali, ambaye siku zake hazijaanza kuhesabiwa mpaka afike. Kwa desturi za pwani, mtu huyo akifika hupokewa kama mfiwa: hupewa kiti, husomwa Fatiha, kisha mazungumzo hufuata. Akiwa na picha ya shule au barua ya zamani, huwaachia watoto nakala. Akiwa aliwahi kukopa kwa marehemu hata kitu kidogo, huwalipa warithi. Wasipopatikana watoto hutafutwa ndugu, na wasipopatikana ndugu, deni la mali hutolewa sadaka kwa niaba ya marehemu, na visa huandikwa au husimuliwa kwa yeyote wa mtaa ule wa zamani aliyebaki.